Kiungo Nilichokigeuza Amri

Barua ya onyo aliyopewa mama wa masjala mwezi Oktoba 2024 ilistahili kuandikwa jina langu. Nilikuwapo kikaoni siku ilipoamuliwa. Mkurugenzi aliniuliza mbele ya watumishi wote nini kimezipata barua pepe za ofisi, nami nikajibu kwa maneno matatu ambayo sisi mafundi wa kompyuta tumeyazoea mno: "Kosa la mtumiaji." Mama akainamisha kichwa, akakusanya kitenge chake magotini, hakusema neno. Siku ile niliamini nilichokuwa nakisema. Kesho yake usiku nikajua si kweli. Nikanyamaza siku sita.

Naandika haya kuungama makosa mawili, moja lililokuwa ndani ya programu niliyoiandika na jingine lililokuwa ndani yangu mwenyewe. Nitaanza na la programu, maana asiyelielewa hilo hataona ubaya wa la pili. Tena wapo vijana wengi wanaoandika programu kama zangu, wakiwa peke yao usiku, bila mkubwa wa kuwakagua. Ningependa walione shimo hili kabla hawajalifikia.

Ofisi ninayoisema ni ya shirika dogo mjini Morogoro linalowalipia wasichana ada za vyuo. Watumishi wake 23 husoma barua pepe kwa Roundcube, programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Wengi wenu mmeitumia bila kulijua jina lake: ukikodi nafasi ya tovuti kwenye seva yenye cPanel, kisha ukaifungua barua pepe yako kwa njia ya wavuti, mara nyingi inayokufungukia ndiyo hiyo. Ilianzishwa mwaka 2005 na Thomas Bruederli, imeandikwa kwa lugha ya PHP, na ni programu huria. Nguvu yake kubwa ni plagini, vile vipande vidogo ambavyo fundi yeyote anaweza kuvitunga na kuvipachika bila kuigusa programu yenyewe.

Shirika liliniomba plagini moja. Kila mwisho wa mwezi mama wa masjala alikuwa akiketi na kuhamisha barua za mwezi mzima, fungu kwa fungu, kutoka kikashani kwenda kwenye folda ya mwezi husika. Roundcube inakuja na plagini yake iitwayo archive, inayohamisha barua ulizozichagua, lakini wao walitaka kitufe kimoja cha kuumaliza mwezi kwa mpigo. Kihamishe barua zote, kizitie alama kwamba zimesomwa, kisha kionyeshe muhtasari: ngapi zimetoka vyuoni, ngapi kwa wanafunzi, ngapi benki. Kitufe nikakiita Funga Mwezi. Niliiandika plagini hiyo kwa siku mbili, nikalipwa, nikamshukuru Mungu.

Sasa tuingie ndani kidogo. Roundcube ina mlango mkuu mmoja, faili liitwalo index.php. Kila jambo unalolifanya, ukisoma barua, ukifuta, ukibadili jina lako, ombi lako linapita mlango huo likiwa limebeba maelezo mawili. La kwanza linaitwa _task, yaani kazi. La pili linaitwa _action, yaani kitendo. Aliyewahi kukaa masjala ataelewa upesi. Barua ikifika, karani huuliza kwanza ni ya idara gani, halafu huuliza inatakiwa kushughulikiwa vipi. Kazi ndiyo idara: mail kwa barua, addressbook kwa majina na anwani, settings kwa mipangilio, na login na logout kwa kuingia na kutoka. Kitendo ndiyo shughuli yenyewe ndani ya idara, kama vile kuorodhesha barua, kuifungua moja au kuandika mpya. Usipotaja kazi yoyote, unapelekwa mail.

Plagini hupata nafasi katika mpango huo kwa njia mbili. Inaweza kufungua idara mpya kabisa kwa kuita register_task, ikawa na kurasa na vitendo vyake. Au inaweza kusajili kitendo ndani ya idara iliyopo kwa kuita register_action, na hapo jina la kitendo lazima lianze na neno plugin na nukta. Mwanzo huo wa jina ndio unaomwambia karani kwamba shughuli hii asiitafute katika mafaili yake, aikabidhi kwa plagini iliyoisajili. Jina likiwa limekwisha kuchukuliwa na plagini nyingine, usajili unakataliwa na kosa linaandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Vilevile plagini hutaja mapema idara inazohusika nazo, ili isipakiwe mahali isipohitajika. Yangu niliifunga kwenye idara ya mail, nikasajili kitendo plugin.fungamwezi.

Hayo yote nilikuwa nayajua vizuri. Nisichokitilia maanani ni ukaguzi unaofanyika mlangoni kabla ombi halijaelekezwa popote. Ukaguzi wa kwanza unauliza: huyu ameingia kwa nenosiri? Jibu linapatikana kwenye kidakuzi ambacho kivinjari hukituma chenyewe kila mara. Ukaguzi wa pili unauliza jambo lenye kina zaidi: ombi hili limetoka kweli kwenye kurasa za Roundcube, kwa mkono wa mtumiaji, au limetoka mahali pengine na kupanda mgongoni kwa kidakuzi chake? Ili kulijibu hilo, Roundcube humpa kila aliyeingia tokeni ya siri. Fomu zake huibeba katika sehemu iitwayo _token, na maombi yanayotumwa nyuma ya pazia huibeba katika kichwa kiitwacho X-Roundcube-Request. Tokeni isipolingana, ombi linarudishwa.

Lakini ukaguzi huo wa pili haumkamati kila mtu. Kivinjari kina njia kuu mbili za kuomba. GET ni ombi la kutazama: nionyeshe ukurasa huu. POST ni ombi la kutenda: pokea hiki, kifanyie kazi. Kiwango cha HTTP, katika waraka RFC 9110 wa Juni 2022, kinaiweka GET miongoni mwa njia salama, yaani anayeituma hajaomba chochote kibadilike kwenye seva. Roundcube inaliheshimu hilo. Ombi lisilobeba data ya POST inaliachia lipite bila kulidai tokeni, kwa kuwa kutazama hakumdhuru mtu. Kisha karani analisoma jina la kitendo na kulipeleka kwa mwenyewe. Haulizi kama kitendo hicho kinatazama au kinatenda. Hilo ameliacha mikononi mwa aliyekiandika.

Aliyekiandika alikuwa mimi. Nami nilikitengeneza kitufe cha Funga Mwezi kama kiungo cha kawaida kabisa, chenye anwani ./?_task=mail&_action=plugin.fungamwezi. Ningeweza kutumia rcmail.http_post, amri ya JavaScript inayotuma POST pamoja na tokeni. Niliiona kwenye mifano. Niliiruka kwa sababu nilitaka ukurasa wa muhtasari ufunguke mzima, na kwa kiungo hilo lilikuwa jambo la mistari michache. Ukikibofya, seva inahamisha barua, inazitia alama, inatoa muhtasari, vyote kwa ombi moja la GET. Nilijaribu mara tatu kwenye akaunti yangu, mara tatu ikafanya kazi. Wazo la usalama lilinijia, sitasema halikunijia. Nililijibu hivi: hawa ni watu 23 wa ofisi moja, kila mmoja ana nenosiri lake, nani atamdhuru mwenzake?

Jumatatu tarehe 30 Septemba, mama wa masjala alibofya Funga Mwezi kwa mara ya kwanza. Skrini ikamwandikia kwamba barua 214 zimehamishiwa folda ya Septemba 2024, na chini yake likaja jedwali zuri lenye hesabu. Alifurahi. Kazi iliyokuwa ikimla nusu siku ilikuwa imekwisha kwa pumzi moja. Akataka na wenzake waone. Akanakili anwani iliyokuwa juu ya kivinjari, akaibandika kwenye barua pepe na kuituma kwa ofisi nzima: "Ndugu, muhtasari wa Septemba uko hapa, karibuni muuone."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara naona kwamba haina kosa hata kidogo. Mtu akikupa anwani, anakuelekeza mahali. Ndivyo anavyofanya anayekwambia shuka kituo cha msikitini, kata kushoto, nyumba ya tatu yenye mwembe. Hatarajii kwamba ukifika tu mlangoni, mizigo yako itahamishwa. Lakini anwani niliyoitengeneza mimi haikuwa ya mahali. Ilikuwa amri iliyovaa nguo za anwani, na mama aliibeba kwa wenzake bila kujua amebebeshwa nini.

Kila aliyeibofya alifunga mwezi kwenye kikasha chake mwenyewe. Mlangoni hakukuwa na wa kumzuia: ameingia kwa nenosiri, ombi lake ni la GET, tokeni haidaiwi, jina linaanza na plugin, basi likapelekwa kwenye plagini yangu na plagini ikatenda. Hata waliokuwa hawajaingia hawakusalimika. Roundcube ikikuta mtu hajaingia, humwonyesha ukurasa wa nenosiri huku ikiitunza anwani aliyokuwa anaielekea, na akishaingia humfikisha pale. Huo ni ukarimu uliowekwa kwa nia njema. Siku ile uliwachukua watu hadi kwenye mtego wangu. Kufikia Jumanne asubuhi, 17 kati ya 23 walikuwa wamekibofya kiungo.

Jumanne simu yangu ililia kabla sijanywa chai. Barua zimepotea. Nilifika ofisini, nikaziona zimelala kwenye folda za Septemba, nikazirudisha vikashani, akaunti moja baada ya nyingine. Nilimaliza kabla ya saa sita. "Kila kitu kimerudi," nikawaambia, na watu wakashusha pumzi. Kikao kikakaa mchana. Nikaulizwa chanzo. Nilichokuwa nacho mbele yangu ni ile barua pepe ya mama yenye kiungo, nikaishika hiyo. Nikasema viungo vya ndani ya mfumo havitakiwi kusambazwa, kwamba yeye amesambaza, na kwamba hilo ni kosa la mtumiaji. Ikaamuliwa aandikiwe onyo, nakala iende kwenye jalada lake. Ana miaka zaidi ya ishirini kazini, na jalada lile lilikuwa safi.

Jumatano usiku, yapata saa nne, nilikaa kuandika taarifa ya tukio ambayo mkurugenzi alikuwa ameniomba. Nilifungua kumbukumbu za seva ili nipate saa kamili. Mistari ilikuwa imepangana kama abiria kwenye foleni, kila mmoja una tarehe, saa, neno GET, anwani iliyoishia na plugin.fungamwezi, na mwishoni namba 200, maana yake ombi limepokelewa na kutekelezwa. Nikaihesabu kwa kidole kwenye skrini. Kumi na saba, mbali na ule wa mama. Jicho langu likarudi kwenye lile neno la herufi tatu, GET, na damu ikanishuka. Watu 17 waliomba kutazama. Programu yangu ikawatendea.

Nikafungua msimbo wangu niusome upya, na hapo nikaona kibaya zaidi. Kabla ya mstari wa kuhamisha barua kulikuwa na mstari mwingine, set_flag('*', 'SEEN'). Ile nyota maana yake ni barua zote, na SEEN maana yake zimesomwa. Jumanne nilikuwa nimezirudisha barua mahali pake, lakini alama sikuzirudisha, wala nisingeweza. Katika itifaki ya IMAP, alama ya kusomwa huwekwa kwenye barua yenyewe kule kwenye seva. Ikishawekwa, hakuna mahali panapokumbuka kwamba dakika moja kabla haikuwapo. Wale watumishi huendesha siku yao kwa kuangalia herufi nzito: kichwa cha barua kikiwa kizito, bado haijasomwa; kikiwa chembamba, imesomwa. Sasa katika vikasha 17 vichwa vyote vya zamani vilikuwa vyembamba. Barua ambazo hakuna jicho lililozifungua zilikuwa zimelala katikati ya zilizosomwa, zikifanana nazo nukta kwa nukta. Na mimi ndiye niliyewaambia kila kitu kimerudi.

Nilipaswa kupiga simu usiku uleule. Nilimwandikia mkurugenzi ujumbe, nikaufuta. Nikauandika tena kwa maneno laini zaidi, nikaufuta. Mkataba wa kutunza mfumo wao kwa mwaka uliofuata ulikuwa mezani kwake ukisubiri sahihi, na nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Nilijiambia nitasema nikishatengeneza. Alhamisi nikairekebisha plagini, nikaipakia kwenye seva kimyakimya bila kumwambia mtu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kurekebisha ni kazi njema, lakini yangu ile ilikuwa ya kufuta nyayo. Ijumaa ikapita. Jumamosi nikamwona mama wa masjala sokoni kwa mbali, nikabadili njia.

Ijumaa hiyo, tarehe 4 Oktoba, ndiyo siku shirika lilipofunga orodha ya watakaolipiwa ada muhula ule. Jumatatu asubuhi tarehe 30 Septemba, saa chache kabla ya kiungo kutumwa, binti mmoja alikuwa ameandika kueleza kwamba chuo kimechelewa kumpa barua ya udahili, akaomba aelekezwe afanye nini kabla orodha haijafungwa. Barua yake ilifika kwenye kikasha cha dada anayeshughulikia wanafunzi. Dada yule hakuwahi kuifungua. Jumanne ilikuwa na kichwa chembamba. Hakuirudia, kwa sababu skrini ilimwambia ameshaisoma. Ijumaa jioni nafasi ya binti ikapewa aliyemfuata.

Jumatatu tarehe 7 binti alipiga simu akiwa analia. Dada akaitafuta barua, akaikuta, akaona imesomwa. Nilikuwapo pale kutengeneza printa. Nilimsikia akimwambia mwenzake, taratibu, huku anajishika paji la uso: "Basi niliisoma nikasahau. Sijui nina nini siku hizi." Hakuisoma. Programu yangu ilimshuhudia uongo kuhusu jambo alilolifanya kwa macho yake mwenyewe, naye akaiamini programu kuliko kumbukumbu yake. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nina bisibisi mkononi, naujua ukweli wote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha yangu, na kilio kikasikika nyumba ya mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi nilikwenda masjala kabla ya kwenda popote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: kiungo, GET, alama za kusomwa, binti, barua ya onyo. Nilieleza kwa maneno ya kawaida, na aliyaelewa bila kuniuliza hata neno moja la kitaalamu. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu.

"Ulijua lini?"

"Jumatano usiku, mama."

Akahesabu kwa vidole juu ya meza, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kidole kikasimama.

"Ijumaa ilikuwa bado haijafika," akasema.

Sikuwa na jibu wakati ule na sina mpaka leo. Kosa la programu lingeweza kumpata yeyote. Lingegunduliwa, lingesemwa, wale watumishi 17 wangezipitia barua zao upya Alhamisi, na ya binti ingeonekana siku moja kabla. Kiungo kilimweka binti hatarini kwa siku nne. Kilichomkosesha nafasi ni ulimi wangu.

Nilikwenda kwa mkurugenzi na kurudia kila kitu, mama akiwa ameketi pembeni kwa ombi langu. Niliandika maelezo kwa mkono na kutia sahihi kwamba chanzo ni mimi. Barua ya onyo iliondolewa kwenye jalada la mama, na kikao kingine kiliitishwa ili waliosikia tuhuma wasikie na ukweli. Siku mbili zilizofuata watumishi wote 17 walizisoma upya barua za kuanzia katikati ya Septemba, nami nikizunguka meza hadi meza. Zikapatikana 11 ambazo hazijawahi kufunguliwa. Kumi zilishughulikiwa kwa wakati. Ile ya binti ilikuwa imekwisha kuchelewa, akalazimika kusubiri udahili wa Machi. Malipo ya plagini niliyarudisha yote. Fedha hiyo haikuirudisha hata siku moja kati ya zile alizozingoja.

Plagini niliiandika upya tangu mwanzo, safari hii mchana na mbele ya watu. Kitendo cha kufunga mwezi sasa kinapokea POST peke yake. Kikiitwa kwa GET kinakataa papo hapo, na mstari wa kukataa ndio wa kwanza kabisa, kabla ya kugusa barua yoyote. Kitufe kinamuuliza mtumiaji kwanza na kumtajia idadi ya barua zitakazohamishwa. Kabla ya kuhamisha, namba ya kila barua na hali yake, imesomwa au haijasomwa, zinaandikwa pembeni, ili siku ya kurudisha kirudi kilichokuwapo kweli. Alama ya SEEN nimeiondoa kabisa. Hakuna programu yangu itakayosema tena kwamba mtu amesoma asichokisoma. Muhtasari umepewa kitendo chake chenyewe, plugin.muhtasari, kisichojua kufanya lolote ila kuonyesha hesabu zilizohifadhiwa.

Wakati nikiandika upya nililisoma lile faili la mlangoni mstari kwa mstari, kazi niliyopaswa kuifanya mwanzoni. Nikakuta kwamba hata mtu akitaka kutoka tu kwenye Roundcube, kwenda logout, ombi lake linadaiwa tokeni, liwe la GET au la POST. Walioiandika waliona kwamba kumtoa mtu nje bila ridhaa yake ni jambo la kuombewa uthibitisho. Mimi niliona kumhamishia barua zake zote ni jambo la kiungo. Mfano ulikuwa mbele yangu muda wote.

Tena somo lenyewe lilikuwa limekwisha kutolewa hadharani. Mei 2005 Google walitoa programu iliyoitwa Web Accelerator, iliyoharakisha mtandao kwa kuvifungua mapema viungo vilivyomo kwenye ukurasa kabla mtu hajavibofya. Kwenye mifumo ambayo kufuta kulikuwa kiungo cha kawaida, viungo hivyo vilifunguliwa na vitu vya watu vikafutika. Wakati huo wengi walibishana lawama ni ya nani. Mimi nilikuja kulirudia kosa hilo karibu miaka ishirini baadaye, na badala ya mashine nikamtumia mama wa watu.

Juni 2025 ikatangazwa dosari nzito ndani ya Roundcube yenyewe, CVE-2025-49113, iliyorekebishwa katika matoleo 1.5.10 na 1.6.11. Ilikuwamo kwenye msimbo kwa takriban miaka kumi. Sehemu ya kupakia faili katika idara ya settings ilikuwa ikikipokea kigezo cha anwani kiitwacho _from bila kukihakiki, na aliyekwisha kuingia kwa nenosiri angeweza kukitumia kuendesha amri zake kwenye seva. Nilipoisoma taarifa ile niliyakumbuka maneno yangu, "kila mmoja ana nenosiri lake." Nenosiri linathibitisha uso. Nia halithibitishi, na ridhaa halithibitishi. Kila kitendo tunachokisajili kinadai maswali yote matatu: ni nani, anataka nini, na amekubali?

Kijana unayeandika plagini, kabla hujasajili kitendo chako jiulize: mtu akiinakili anwani hii na kumtumia ndugu yake, ndugu huyo atafika mahali, au atatendwa? Kama atatendwa, hiyo si kazi ya kiungo. Na ukikosea, kama nilivyokosea, piga simu usiku uleule. Huwezi kujua Ijumaa ya nani inakaribia.

Alhamisi tarehe 31 Oktoba mama wa masjala aliufunga mwezi kwa kitufe kipya. Kisha akanipigia. "Mwanangu, muhtasari huu naweza kuwatumia wenzangu?" Nilimjibu atume. Nikafungua kumbukumbu za seva na kukaa mbele yake mpaka jioni. Ulikuwapo mstari mmoja wa POST, wa kwake. Kisha ikaanza kuingia ya GET, plugin.muhtasari, mmoja mmoja, mpaka ikafika 22. Nilipitia vikasha vyote. Hakuna barua iliyosogea. Vichwa vilivyokuwa vizito asubuhi vilikuwa bado vizito, vikiwangoja wenyewe.